Atupele na Mgeni Asiyetazamwa

Kazi ya Atupele ukiieleza pale mtaani Bulyaga watu watakucheka hadi watafute pa kukaa. Alikuwa mwongozaji wa wavuvi kwenye loji moja ya mtoni, juu ya kijiji cha Lufingo. Unampeleka mtu mzima majini, unamfungia kwenye ndoano mdudu wa uongo uliyemsuka kwa manyoya ya jogoo, anamrusha kutwa nzima, na akibahatika kumpata samaki trauti mnene mwenye madoadoa, anampiga picha kisha anamrudisha alikomtoa.

"Yaani mnacheza kombolela na kitoweo," alisema Tulinagwe, mpishi wa loji, siku walipojuana.

Lakini Atupele aliupenda mto ule. Asubuhi ukungu ukishuka kutoka mlimani, mashamba ya chai yanatoweka, migomba inatoweka, inabaki sauti ya maji tu, naye anahisi kama anatembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Miezi ya majaribio ilikuwa inaisha. Alibakiza wiki moja aandikwe kazini kabisa.

Ijumaa hiyo alikuwa jikoni anakunywa chai, akaona kofia ya mgeni ikipanda ngazi za baraza. Kikombe akakitupa mezani, mwenyewe akapiga mbizi chini ya meza.

"Nyoka?" Tulinagwe aliuliza.

"Baba mkwe!"

Tulinagwe hakucheka, na huyo hucheka hata misibani. Kwa mila yao Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe usoni, hakutani naye njiani, wala jina lake halitamki. Miaka sita ya ndoa, Atupele alimjua mzee Amoni kwa kofia, kwa kikohozi, na kwa mgongo ukipotelea migombani. Sasa mzee alikuwa amestaafu kupima majani ya chai, na binti yake wa Mbeya alikuwa amemlipia siku mbili za kuvua.

"Mpe mwongozaji mwenzangu, Gwakisa," Atupele alimsihi meneja, Emmanuel, mtu wa Moshi.

"Gwakisa yuko msibani Ikuti. Dada, mgeni ni mgeni. Huyu akikushinda, Jumatatu usije."

Basi akatangulia mbio hadi mtoni. Akaifunga ndoano, akaiacha fimbo ya kuvulia juu ya jiwe, akajichimbia nyuma ya mianzi. Mzee akashuka taratibu, akasimama, akakohoa.

"Wewe mto," Atupele akayaambia maji, "mgeni wako aichukue fimbo iliyo juu ya jiwe."

Mzee akaganda. Sauti ile aliijua. Miaka sita alikuwa akiisikia nyuma ya nyumba. Akigeuka kurudi, Atupele aliwaza, na kazi yangu inaondoka naye. Ukungu ukapita kati yao, mzito, bila haraka. Kisha mzee naye akaugeukia mto.

"Mto, mwambie mwalimu nimefika. Mikono hii imezoea mizani, asinicheke."

"Mwambie hapa hatuchekani."

Atupele akapenyeza fimbo yake ya ziada kati ya mianzi, akarusha. Mshipi ukatoka ukunguni, ukajikunjua hewani polepole kama moshi wa jikoni, ukalala juu ya maji. Mzee aliutazama. Mshipi si mtu. Hakuna mila inayokataza kuutazama. Naye akarusha, akanasa kichaka. Akarusha tena.

"Mto, mwambie nimevua kofia yangu mwenyewe."

Atupele akaing'ata kanga asicheke.

Jua lilikuwa kama yai nyuma ya ukungu, fimbo ya mzee ilipopinda ghafla.

"Mto! We mto! Nifanyeje?"

"Asivute! Ampe mshipi! Akichoka atakuja mwenyewe!"

Samaki akaenda, akarudi, akaenda. Mzee alikuwa ndani ya maji hadi magotini, anateleza, na mshipi ni mwembamba kama unywele. Wavu alikuwa nao Atupele. Akajifunika kanga uso mzima, akatoka mianzini kinyumenyume, wavu kaunyoosha nyuma kama mkia, akaingia kwenye maji ya baridi.

"Kulia," mzee aliuambia mto, macho kwenye wavu tu. "Kulia tena. Shusha. Inua!"

Wavu ukawa mzito. Wakasimama hivyo, mmoja akiona samaki, mwingine akiona maua ya kanga yake, maji yakiwapita miguuni. Atupele hakujua tena mto unaishia wapi na wingu linaanzia wapi.

"Ni mzuri mno," mzee alinong'ona. "Mto, mwambie. Ndaga fijo, asante sana." Akamrudisha samaki majini kwa mkono wake mwenyewe.

Barazani Emmanuel alikuwa ameona yote, anawaka. "Mzee, samahani sana. Mwongozaji kukupa mgongo! Kesho nakutafutia mwingine."

"Mwingine wa nini? Namtaka huyu huyu. Ukiniletea wa kunikodolea macho, narudi kwangu."

Emmanuel akamtazama mzee, akautazama ukuta wa jikoni, kanga mbichi ikichuruzika pembeni mwake.

"Atupele, kesho saa kumi na mbili."

"Na Jumatatu?" ukuta ukauliza.

"Na Jumatatu."