Kichwa Changu na Vichwa vya Mbuzi

Wakati huo mimi na mke wangu tuliuza supu ya vichwa vya mbuzi pale Katesh, karibu na uwanja wa mnada. Kazi yenyewe huanza na moto. Kichwa unakibabua mpaka nywele ziishe, unakikwangua kwa kisu, unakiosha, halafu unakilaza juu ya gogo na kukipasua kwa shoka. Anayeishi kwa kazi hiyo hanukii vizuri, na hilo tulishalikubali. Watu wa kanisani walinipenda, ila walinipenda kwa umbali wa benchi moja.

Kwa hiyo nilipoanza kusikia harufu ya nywele zinazoungua saa zisizo za kazi, sikushtuka. Ilikuja ghafla, ikanijaa puani, nikapata kichefuchefu kidogo, kisha ikapotea. Nilidhani ni koti. Mke wangu akalifua. Nikadhani ni ndevu, nikanyoa. Jumapili moja, nikiwa nimeoga na kuvaa suti iliyokuwa imelala sandukuni tangu Pasaka, nilimnong'oneza katikati ya mahubiri kwamba kuna mtu anababua mbuzi nyuma ya kanisa.

Alinusa, akaniangalia. "Hapa hakuna harufu, baba watoto," akasema. "Hakuna harufu yoyote."

Fundi cherehani angekwenda hospitali mapema, maana kwake nywele zikiungua ni jambo la ajabu. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa hewa. Mimi nilisubiri mpaka nikaanguka. Ilikuwa Masieda, kwa wakwe zangu, tulipokwenda kuwasaidia kuvuna mahindi. Harufu ilikuja, nikageuka kuutafuta moto, na ninachokumbuka baada ya hapo ni mama mkwe amekipakata kichwa changu, mama ambaye kwa heshima ya ukwe sijawahi hata kukaa naye benchi moja. Ulimi ulikuwa unatoka damu na suruali ilikuwa imelowa. Aibu ilinipata kwanza. Hofu ilikuja baadaye, na ilipokuja ilikaa.

Tukapelekwa Arusha kupigwa picha ya kichwa, na kutoka hapo tukaelekezwa hospitali kubwa zaidi. Daktari wa upasuaji alikuwa binti, umri wa kifungua mimba wetu. "Shikamoo baba. Shikamoo mama," akasema, akatuvutia viti. Niliitikia marahaba kama mzee anayepokelewa na mtoto wa jirani, kumbe mtoto mwenyewe ananisubiri anipasue.

Akageuza kompyuta tuione picha. Wagonjwa wengine, nadhani, huona mawingu tu. Mimi niliona kila kitu. Mikunjo ile naijua. Kile kigawanyo cha katikati nakijua, nimekipitishia shoka miaka mingi bila kufikiri. Upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio, kulikuwa na donge jeupe la ukubwa wa yai la kuku, na ubongo wangu umesogea pembeni kulipisha. Nimetoa ubongo kwa kijiko mara nyingi kuliko nilivyotoa sadaka. Najua ulivyo laini. Najua kwamba ukiugusa vibaya tu unabaki kwenye kijiko.

"Mnatumia nini kupasua?" nikauliza.

Akanieleza bila haraka. Kuna keekee ndogo ya kutobolea na msumeno mdogo. Watakata kipande cha mfupa, watatoa uvimbe, kisha watarudisha kile kipande mahali pake na kukifunga.

"Mnakirudisha?"

"Tunakirudisha, baba."

"Sisi hatujawahi kurudisha," nikasema.

Alicheka kweli, akashika mdomo. Mke wangu hakucheka. Binti alipomwona na yeye akaacha, akatuambia lililobaki. Ukiachwa, uvimbe utaendelea kukua mpaka uniue. Ukitolewa, kuna wasioamka, ni wachache lakini wapo. Halafu akasema umekaa karibu na sehemu inayotunza maneno. Ninaweza kuamka nikiwajua watu wote, nikataka kuzungumza, na maneno nisiyaone. Mengine hurudi polepole na mengine hayarudi.

Nikatia sahihi kwamba nimekubali, tukarudi Katesh kungoja tarehe. Kibanda cha supu hakina siri, maana hata kuta hakina. Habari zikaenea, na wateja hawakunionea huruma, jambo ambalo wakati ule nililiona ni zuri. "Leo supu ni ya kichwa cha mbuzi au cha mwenye kibanda?" aliuliza mmoja. Nikamwambia cha mwenye kibanda kina donge, hakifai, labda nimuuzie nusu. Wakacheka mpaka supu ikawapalia. Mwingine akasema mganga hajigangi. Nikajibu kwamba na mpasua vichwa hajipasui, ndiyo maana naifuata hospitali. Kila walipocheka nilipata nafuu, kama mtu aliyewekewa kitambaa cha maji kwenye jipu. Wakiondoka, hofu ilirudi, nikawa natafuta mteja mwingine wa kumchekesha.

Siku ya mnada wa mwisho kabla ya safari, alikuja mzee mmoja wa Basotu ambaye kila akileta ng'ombe hupita kwetu, na huwa hali kitu kingine ila ubongo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Habari za huo mzigo?"

"Upo, unakua vizuri kuliko mahindi."

Akacheka, akakaa. Nikaweka kichwa juu ya gogo, nikainua shoka. Kichwa kilikuwa kimelala kwa ubavu, sikio la kushoto juu. Nikaangalia pale juu ya sikio. Shoka likabaki hewani. Niliuambia mkono ushuke, haukushuka. Watu wakaanza kunitazama, na mimi, badala ya kuliweka chini, nikasema kwa sauti, "Ngojeni kwanza. Huyu mbuzi hajatia sahihi kwamba amekubali."

Kibanda kizima kilicheka. Niliendelea kusimama na shoka langu juu, na hakuna aliyejua kwamba siwezi kulishusha ila mmoja. Mke wangu alitoka kwenye masufuria, akalichukua shoka mikononi mwangu, akapasua kwa pigo moja. Akatia ubongo kwenye sahani, akamwekea mzee na chumvi, akaniambia nimfuate nyuma ya kibanda.

Nilifikiri atanionea huruma. Alikuwa na hasira mpaka midomo inamcheza.

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," akasema. "Daktari amekwambia maneno yanaweza kuisha. Wewe yaliyobaki unawagawia walevi wa mnadani. Mimi nimepata yapi?"

Nikamwambia, kama maneno yataisha, tutabaki na mdomo mmoja tu wa kelele nyumbani, wake. Nilisikia ubaya wa neno hilo lilipokuwa likitoka. Alinitazama, akarudi kwenye masufuria. Mlima ulio juu ya mji wetu ulikuwa umefunikwa na wingu siku hiyo, nikasimama kule nyuma nikiutazama mpaka supu ikaisha na watu wakaondoka. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba nikifungua mdomo bila mzaha mkononi, nilijua nitalia kama mtoto mbele ya wanunuzi wa ng'ombe.

Asubuhi ya upasuaji muuguzi alikuja na mashine ya kunyolea. Nywele zilipoanguka nikamwambia anastahili pongezi, kwetu hatua hiyo tunatumia moto. Akacheka. Binti daktari akaja, "Shikamoo baba, umelala?" Nikamwambia nimelala kama mbuzi siku ya sikukuu. Na yeye akacheka. Akachora alama kwa kalamu juu ya sikio la kushoto, mkono wake una joto, akasema tutaonana ndani.

Mke wangu alikuwa amesimama kando ya kitanda na kanga mabegani. Walipoanza kukisukuma alitembea nami mpaka kwenye mlango ambao ndugu hawavuki. Pale muuguzi akasimama, akasema, "Mama, agana naye."

Nilifungua mdomo. Mzaha ulikuwapo, tayari, wa kipande cha mfupa, kwamba wasije wakakirudisha kinyumenyume. Nikamwangalia usoni. Nikafikiri kwamba labda hiki ndicho kitu cha mwisho atakachosikia kutoka kwangu, na kwamba atakikumbuka akiosha masufuria.

"Naogopa," nikasema. "Mama watoto, naogopa sana. Sitaki kuingia."

"Najua," akasema. "Na mimi naogopa. Tangu kanisani naogopa."

Machozi yalinitoka mbele ya muuguzi na sikuyafuta. Muuguzi alingoja, akatazama saa ya ukutani, akangoja tena. Mwishowe nikaona aibu kumchelewesha, nikamwambia mke wangu aniachie mkono.

"Siyo mimi niliyeshika," akasema. "Ni wewe."