Mkono wa Shangazi Otilia Ukutani

Juzi binti yangu wa mwisho, aliye na mimba ya kwanza, alinituma sokoni nikamnunulie ule udongo wanaoula wajawazito. Nilimchagulia vipande vyeupe. Muuzaji akavinyunyizia maji kuondoa vumbi, na ile harufu ilipopanda nilibaki nimesimama pale kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Bibi, kama umemaliza tupishe." Nilikuwa sijamaliza. Nilikuwa nauona ukuta wa ghala la ushirika kule mtaani kwetu Msamala, umejaa mikono.

Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikiacha njia katika kusimulia mnivumilie, jioni nitarudi tu kama kuku.

Shangazi Otilia, dada yake baba, aliugua ukoma ujanani. Alikaa miaka kambini kwa wagonjwa, akapona, akarudi na cheti cha daktari alichokitunza ndani ya kitabu cha sala. Ugonjwa ulikuwa umekwenda, ila ulikwenda na vidole. Mkono wa kulia vilibaki viwili, wa kushoto ni vifundo tu. Kulima alilima, kupika alipika, maji alichota. Vifungo vya nguo ndivyo vilimshinda. Nilipofika miaka saba baba akanipeleka nikae naye kwa kazi hiyo. Kila asubuhi alinigeuzia mgongo, nami nikafunga vifungo sita kuanzia kiunoni hadi shingoni, na jioni nikavifungua. Shingo yake ilinukia moshi na udongo.

Watoto wa kisimani walimzoea vibaya. "Shangazi Otilia, shikamoo, tupe tano!" Naye huinua mkono wa kulia. "Marahaba. Chukueni mbili, tatu nitawaletea Pasaka." Walicheka, nami nilicheka nao, ila nikisimama mbali kidogo nisionekane ni wake.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Sabuni ilirudi madukani, mitumba ikaja kwa marobota, na sisi tuliozoea kupanga foleni moja tukawa kila nyumba ina meza yake ya biashara barazani. Jirani akishusha bei ya vitunguu, wewe humsalimii wiki nzima. Mama mmoja (jina nalijua, ila wajukuu zake bado wapo) aliwahi kumwaga maji machafu kwenye dagaa wa mwenzake, na Jumapili wote wawili wakapokea komunyo. Ghala la ushirika lilikuwa limefungwa, mbuzi wanalala mlangoni.

Basi akatokea Fundi Rajabu, Myao wa Tunduru, aliyekuja mjini kuandika vibao vya maduka. Alimwambia balozi wetu wa nyumba kumi, Mama Ngonyani, kwamba ukuta mkubwa namna ile kuachiwa mbuzi ni dhambi. Yeye atachora hindi moja kubwa, kutoka chini hadi karibu na bati, na punje zake ziwe alama za viganja vya watu wa mtaa. Kila mtu achovye mkono, agandamize, aandikiwe jina chini yake. "Mtu akishaweka mkono wake karibu na wa mwenzie," alisema, "ataona haya kumtukana, inshallah." Mama Ngonyani alipenda. Alikuwa na sauti ya kuongoza kwaya, na jambo akilipenda yeye mtaa mzima umelipenda.

Rangi ya dukani ilikuwa ghali, ikaamuliwa tutumie udongo. Na aliyejua udongo alikuwa mmoja tu. Nusu ya nyumba za Msamala alizisiriba Shangazi Otilia. Alikwenda mwenyewe hadi Mpitimbi, akarudi na udongo mweupe kichwani. Wa njano na mwekundu tulichimba bondeni. Aliutwanga, akauchekecha, akauloweka siku tatu kwenye mapipa, akatia uji mwepesi wa muhogo ili ushike. Kisha akauvuruga kwa mikono yake mitupu hadi viwiko. "Udongo hauna haraka," aliniambia, "na haupendi mafuta. Ukiupaka mahali penye mafuta, kesho umebanduka." Siku hizo tatu aliimba. Mimi sikuwahi kumsikia akiimba nje ya kanisa.

Jumapili, baada ya misa, nilimfunga vifungo vya gauni lake la Krismasi, la bluu. Aliniuliza atumie mkono upi. Nikamwambia wa kulia, una viwili. Akacheka. "Basi nitaweka wa kushoto, wa kulia nawaachia watoto wa kisimani."

Foleni ilikuwa ndefu na ya furaha. Wale wawili wa dagaa waliweka viganja vyao vikagusana, watu wakapiga vigelegele. Shangazi alikuwa wa mwisho, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimimina udongo kwenye karai. Fundi Rajabu alikuwa amemwachia punje yake katikati kabisa.

Mama Ngonyani akaniita nyuma ya ghala. Alikuwa na andazi, la moto, lililofungwa kwenye karatasi iliyokwisha kulowa mafuta.

"Kula, mwanangu. Shangazi yako tunampenda, unajua?"

"Ndiyo, mama."

"Lakini wageni watakuja kuuona ukuta. Wakiona mkono wa namna ile watauliza mtaa huu una nini. Sisi wakubwa tukimwambia itakuwa vita. Wewe mwambie. Neno la mtoto halina lawama."

Nililila lote. Nataka mjue hilo, kwamba sikulia kwanza, wala sikukataa. Nilijiona mkubwa. Nilikwenda mbele ya watu wote, shangazi ameshachovya mkono wa kushoto umekuwa mweupe, ameuinua, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Shangazi, huo sio mkono. Nitakuwekea mimi wa kwangu, waandike jina lako."

Kuna mtu alicheka. Kisha Mama Ngonyani akapiga makofi, akasema mtoto ana busara, na wote wakapiga makofi, ile mikono yenye udongo ikatoa sauti nzito. Fundi Rajabu alitazama chini kwenye makopo yake.

Shangazi aliushusha mkono wake. Akasogea karibu, akainama, nikadhani atanibusu. Alinusa vidole vyangu.

"Kanawe kwanza," alisema. "Una mafuta ya maandazi. Hautashika."

Nikanawa. Nikaweka. Ukashika vizuri sana. Miaka minne kiganja changu cha mtoto kilikaa pale katikati ya lile hindi, chini yake pameandikwa OTILIA, mpaka mfanyabiashara aliyenunua ghala akamlipa Fundi Rajabu yuleyule apake juu tangazo la sabuni.

Ilinichukua muda kujua kwamba mtaa mzima siku ile ulichovya mikono ndani ya udongo uliovurugwa siku tatu na mikono ileile. Na kwamba lawama ya neno la mtoto ipo, ila hubaki kwa mtoto. Mama Ngonyani alikufa amesahau, nilimuuliza. Lakini sio hayo yaliyonisimamisha sokoni.

Jioni ya siku ile nilimfuata shangazi nimfungue vifungo kama kawaida. Alikuwa amekwisha kulala na gauni lake, udongo mweupe umemkaukia mkononi. Kulipokucha alizikusanya nguo zake zote, hata ile ya kanisani, akazipeleka kwa fundi cherehani. Zilirudi hazina kifungo hata kimoja, mgongoni zimeshonwa, shingoni zimetiwa mpira. Akawa anavaa mwenyewe, kwa kupitisha kichwa.

Mimi nilifurahi. Asubuhi zangu zote zikawa huru, nikatoka mbio kwenda kucheza rede.