Nkwabi na Nusu ya Mbele ya Pijo

Ukimuuliza mtu yeyote pale stendi ya Kahama fundi Nkwabi anapatikana wapi, atakuonyesha kwa kidevu, kisha atakuonya usithubutu kumweleza gari lako linaumwa nini. Nkwabi hapendi kuelezwa. Kwa maoni yake mwenye gari ndiye mtu wa mwisho kujua habari za gari, maana kazi yake ni kukaa ndani tu. Ukianza kueleza atainua kiganja, ataegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini ataubana sikioni, atafumba macho, nawe utajikuta umenyamaza kama uko ibadani. Mara nyingi anaupata ugonjwa. Mara chache anapata ugonjwa mwingine ambao haupo kabisa, anautibu kwa bidii zote, na gari linapona kwa sababu linazozijua lenyewe.

Fundi huyu hakuogopa injini yoyote, lakini alimwogopa mama mkwe wake. Si kwamba mama alikuwa mkali. Ukoo ule aliooa, nje kidogo ya Kolandoto, bado unaishika mila ya ukwe kwa mikono miwili. Mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawasemeshani, na wakikaribia kukutana njiani mmoja wao huchepuka majanini. Tangu amuoe Sesilia, Nkwabi alikuwa amechepuka majanini mpaka suruali zake zote zikawa na miiba. Watoto walizaliwa, baba mkwe, mzee Bujiku, akafariki na kuzikwa, na mama mkwe huyo, Mama Lusia, hakuwa amemwambia neno hata moja.

Donatus, dalali wa dhahabu wa Geita aliyemwoa Lusia, dada mkubwa wa Sesilia, naye hakuwa ameambiwa neno. Lakini Donatus alikuwa na gari jeupe, refu, lenye vioo vyeusi, na gari lile lilimsemea. Nkwabi alikuwa anaitwa "yule wa grisi". Ilimuuma sana, ingawa mbele za watu alijifanya anacheka.

Basi siku ilipokuja habari kwamba Mama Lusia mwenyewe amemtaka, afike kulifufua Pijo la marehemu ili Juliana, kitinda mimba, aende nalo kufunga ndoa Jumamosi, Nkwabi alifunga gereji papo hapo na kumwacha mteja amesimama kando ya gari lililo juu ya jeki. Pijo likiwaka, atakuwa mkwe kama wakwe wengine. Lisipowaka, Juliana atapanda gari la Donatus, na yeye atabaki wa grisi mpaka anaingia kaburini.

Lilikuwa Pijo 504, limelala chini ya banda la bati tangu mzee alipofariki. Lilikuwa limeinuliwa juu ya mawe, magurudumu yake yamehifadhiwa chumbani pamoja na mpunga, na kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma kizazi baada ya kizazi. Pua yake ilitazama nje ya ua. Mkia wake ulifika karibu kabisa na jiko, na jikoni ndiko Mama Lusia alikokaa kutwa na masufuria ya harusi, amelipa gari mgongo kwa adabu.

Bila shaka umekwisha kuiona shida. Nkwabi hakuweza kuvuka usawa wa milango ya mbele, maana hatua moja zaidi ingemweka miguuni pa mama mkwe. Alilikagua gari kuanzia taa hadi usukani, na sehemu iliyobaki akamwachia Mungu.

"Injini iko mbele," alimwambia shemeji yake Masalu, mwana pekee wa kiume wa nyumba ile. "Huko nyuma ni mahali pa mizigo tu."

Ile nusu ya mbele, lazima tumpe haki yake, aliishughulikia kama daktari bingwa. Alitoa plagi, akadondosha oili kidogo ndani ya kila silinda, akaizungusha injini kwa mkono taratibu, kwa sababu chuma kilicholala miaka hakiamshwi kwa fujo. Kwenye chujio la hewa alikuta familia ya panya imejenga kwa soksi ya marehemu. Petroli ya zamani iliyobaki kwenye kabureta aliionja kwa ncha ya ulimi, akatema, akatangaza kwamba imekwisha kuwa rangi ya kupaka milango. Mdomo wa tenki ulikuwa upande wa nyuma, kwa hiyo alitundika kidumu cha petroli mpya kwenye boneti na kuvuta mpira hadi kwenye pampu. Akasugua pointi za distributa kwa msasa, akaleta betri ya lori, akapiga selfu.

Injini ilizunguka, ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Akapiga tena. Ikakohoa, ikanyamaza, kama mtu aliyetaka kusema jambo kisha akakumbuka kuna wageni.

"Wewe mbuzi," Mama Lusia alisema kule jikoni, amemkazia macho beberu aliyefungwa nguzoni, "ungekuwa fundi wewe, ungeangalia na huku nyuma."

Nkwabi akaanza kupiga mluzi. Kumsikiliza mama mkwe si adabu, hata kama anaongea na mbuzi. Mama akaendelea kumweleza mbuzi jambo refu sana kuhusu bomba la moshi, na kadiri alivyoeleza ndivyo Nkwabi alivyozidisha mluzi, mpaka ua mzima ukajaa tenzi za kanisani na mbuzi akabaki peke yake na siri.

Mama akamtuma Masalu. Sasa Masalu ni mtu asiyependa kubeba maneno mengi. Alipewa maelezo kamili, mwanzo mpaka mwisho, akayapunguza njiani.

"Mama anasema nyuma," alisema.

"Mwambie nimepokea kwa heshima zote," Nkwabi alijibu, akaifungua kabureta kwa mara nyingine.

Ijumaa Donatus akawasili. Alishuka garini amevaa suti nyeupe, akalizunguka Pijo kwa macho jinsi watu wa machimbo wanavyoangalia jiwe.

"Mwanyumba," alisema, maana wanaume waliooa ndugu huitana hivyo, "hiki ni kifusi. Utasaga mpaka uzee, hutapata kitu. La kwangu lina kiyoyozi."

Jumamosi asubuhi wanakwaya walikwisha kuanza kuimba, Juliana amevaa gauni amesimama mlangoni, na Masalu alikuwa anafunga riboni kwenye gari la Donatus. Nkwabi alikuwa chali chini ya injini, bisibisi sikioni, akiisikiliza mashine isiyowaka. Moyo ulikuwa umemwishia. Magonjwa yote aliyoyajua alikuwa ameyatibu, umebaki mmoja tu.

"Gari lina huzuni," alitangaza kutoka chini. "Halijatoka kwenye msiba."

Wazee wakalichukua jambo hilo kwa uzito mkubwa. Wakaulizana kama kuna mtu aliyempa marehemu taarifa ya harusi, ikaonekana hakuna. Baba mdogo wa Juliana akavua kofia, akainama mbele ya rejeta na kuanza kueleza kwa upole bwana harusi ni nani na ng'ombe wamekwisha kufika.

Hapo Mama Lusia alishindwa kuvumilia. Aliweka mwiko chini, akajifunga kitenge vizuri, akachukua koleo la moto, akaenda mwenyewe nyuma ya gari na kupiga magoti. Alipenyeza koleo ndani ya bomba la moshi, akavuta kwa nguvu. Likatoka gunzi la muhindi, limeviringishwa tambara, limebana sawasawa.

Kisha akainama zaidi, akatazama chini ya uvungu wa gari moja kwa moja mpaka mbele, na macho yake yakagongana na ya Nkwabi. Kwaya ikakata wimbo katikati.

"Niliziba mwenyewe," alisema Mama Lusia, "panya wasiingie. Nimeziba kama ninavyoziba kibuyu cha maziwa. Nimemwambia Masalu, nimemwambia mbuzi. Sasa nakwambia wewe."

Nkwabi, chali, uso mweusi tii, hakujua afanye nini. Alifanya lililo karibu.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Haya toka huko uwashe, mwanangu anachelewa."

Pijo liliwaka kwa selfu ya kwanza. Moshi wote wa miaka yote ukatoka kwa pamoja, ukaenda kutua juu ya riboni na suti ya Donatus, na kuku wawili wakaruka dirishani. Wanaume wakakimbilia magurudumu, wakamfutia Juliana kiti. Wazee walianza kuulizana mila iliyovunjika itatengenezwaje, lakini Mama Lusia aliwaambia watakaa kikao wiki ijayo, akafungua mlango wa mbele na kuketi kando ya dereva.

Aliongea tangu wanatoka uani. Alimwambia Nkwabi ashike usukani vizuri, anunue shati jingine, ampeleke Sesilia hospitali akapime kifua. Akamwambia kwamba siku ile alipokuja kuposa amevaa viatu vya kuazima vilivyomzidi, yeye alimchungulia kutoka jikoni, akacheka mpaka maziwa yakamwagika motoni.

"Nikajua binti yangu amepata mtu mwema," alisema. "Miaka yote hii nataka kukwambia."

Nkwabi alirudisha gia, akapunguza mwendo, kisha akapunguza tena. Baiskeli zikaanza kuwapita. Nyuma, Juliana akagonga kiti.

"Shemeji, limeharibika tena?"

"Halijaharibika," alisema Nkwabi. "Mama anaongea."