Kitabu cha Baada ya Watu Kurudi

Mtu akiingia dukani kwangu kumnunulia mtoto kitabu, simuulizi mtoto ana miaka mingapi. Namwangalia tu. Kuna wanaonunua kwa unene, kana kwamba kitabu ni nyama ya kupimwa kwenye mizani. Kuna wanaotaka cha Kiingereza wakati mtoto mwenyewe bado anagombeza mbuzi kwa Kimeru. Na wapo akina baba wanaochukua cha juu kabisa kwenye rundo huku wanaongea na simu. Nina stesheneri hapa mjini, mtaa wa Levolosi. Natoa kopi, nauza madaftari, na nimekaa hapa vya kutosha kujua kwamba wazazi wengi hununua kitabu kama dawa ya hofu yao wenyewe.

Eunike naye alikuja na hofu yake. Ni fundi cherehani, jirani yangu kabisa, mzaliwa wa Themi. Alikaa bila mume mpaka watu wakachoka kumuuliza, kisha akaolewa na Frederick Sumari, dereva wa lori la mchanga aliyefiwa na mke. Frederick alikuwa na binti mmoja, Nanyori, aliyelelewa na bibi yake kijijini Kikwe. Mtoto alipofika umri wa darasa la awali wakamleta mjini, na mtaa mzima ukakaa mkao wa kutazama. Mnajua tunavyosema: mama wa kambo si mama.

"Shikamoo, Mama Nelson," Eunike aliniambia siku ile ya kwanza. "Mwalimu anasema mtoto yuko nyuma. Nipe vitabu vya mazoezi."

Nikampa vya kufuatisha herufi, vya kuunganisha nukta, vya kuhesabu maembe na vifaranga. Kila siku mtoto akitoka shule walikaa mezani, Nanyori na penseli, Eunike na sindano. Mtoto aliandika kila alichoambiwa. Hakubisha, hakulia, hakuomba hata maji. Jioni alikwenda kukaa getini kusubiri lori la baba yake.

"Basi si umshukuru Mungu?" nilimwambia Eunike. "Wangu mimi alikuwa anakula penseli."

"Ananiheshimu kama mgeni, Mama Nelson. Ukimkaribisha chai anasema ahsante. Mtoto wa nyumbani haombi radhi akimwaga uji." Kisha akasema jambo lililomtoa jasho. "Nataka siku moja anisumbue."

Nikamwambia vitabu vya mazoezi havifanyi kazi hiyo, achukue vya picha, vya kusomea mtoto kabla ya kulala. Nikavimwaga mezani. Alivichagua kama anavyochagua kitambaa: alivuta kurasa kuona mshono, akapitisha kidole pembeni kuona kama patamkata mtoto. Kimoja kilikuwa na mtoto amelala peke yake chumbani, amekumbatia mdoli wa dubu, taa imezimwa.

"Huyu kafanya kosa gani mpaka alazwe peke yake?" akauliza, akakirudisha.

Mwishowe alichukua cha kuku anayetafuta pa kutagia, anayefukuzwa kila mahali, hadi kwenye kofia ya mchungaji. Nilijua amepatia. Kesho yake asubuhi alikirudisha.

"Kina nini?" nikashangaa. "Kurasa zimepungua?"

Kilikuwa kizima. Usiku Eunike hushona kazi za wateja, kwa hiyo aliona amsomee mtoto alasiri, baada ya mazoezi. Alipofungua tu ukurasa wa kwanza, Nanyori akaziba masikio. Eunike akadhani ni michezo, akacheka, akaendelea kusoma huku anaigiza sauti ya kuku. Jioni ile lori la Frederick likaharibika njiani, akarudi giza limeshaingia. Mtoto alilia mpaka akatapika. Alisema Anti, ndivyo anavyomwita Eunike, amesoma hadithi mchana, na ndiyo maana baba amepotea.

Eunike alimpigia simu Bibi Magdalena, yule bibi wa Kikwe, kuuliza. Bibi akamweleza bila haraka: nyumbani kwake hadithi haisimuliwi mchana. Unasubiri ng'ombe waingie zizini, na mtu aliyekwenda sokoni arudi, ndipo unafungua mdomo. Ukianza mapema, aliye njiani hasikii njia ya nyumbani. Na kwa Frederick hakuna ng'ombe. Kinachotoka asubuhi na kurudi jioni ni baba mtu.

Mimi nilicheka, nikamwambia amweleze mtoto kwamba hayo ni mambo ya zamani.

"Nikimwambia bibi yake ni mwongo, nitakuwa nimempata nani?" akanijibu, na hakuwa anatania. "Nirudishie kitabu changu."

Kuanzia hapo mchana ukawa wa mazoezi na hadithi ikangoja honi ya lori. Likishaingia, Frederick akishanawa, Eunike anafunika cherehani na kufungua kitabu. Wateja tulilalamika. Sare zangu za kwaya zilichelewa mpaka nikaimba Jumapili ya Matawi na sketi ya zamani, na nilimwambia wazi kwamba nimeudhika. Akaniambia pole, akaendelea vilevile. Akawa mteja wangu wa kila mwezi, maana kuku yule walishamkariri.

Nilidhani mambo yamenyooka. Lakini jioni moja alipita dukani akaketi kwenye kiti cha wanaopigwa picha za pasipoti. Alikuwa amepeleka magauni ya harusi kwa mteja wa mtaa wa Sakina, mvua ikamchelewesha. Alipofika mlangoni kwake alisikia sauti ya Frederick anasoma.

"Walikuwa wamefika katikati," akasema. "Baba amerudi, wakaanza. Hawakukosea. Mimi nimeolewa tu pale."

"Usiseme hivyo, Eunike."

"Nasema kilichopo. Nikiwa njiani, hakuna anayeogopa kwamba nitapotea."

Nimezaa wanne na sijawahi kufikiria kwamba kusubiriwa ni kitu ambacho mtu anaweza kukosa. Nilimchemshia chai, akanywa, akaenda kupika. Kesho yake alikaa na Nanyori mezani kama kawaida, wakahesabu vifaranga.

Masika yalipokolea, Bibi Magdalena akaugua miguu. Eunike akaenda Kikwe kumwogesha na kumpalilia mahindi, akaniachia mtoto dukani. Alisema atarudi jioni. Saa kumi na moja simu yake haikupatikana, na mvua ilikuwa imeshuka kutoka mlimani hadi maji yakapita juu ya barabara ya Kikwe. Kwanza alikuja Frederick. Akaegesha lori nje, akaingia amelowa, akamwona binti yake ameketi kwenye katoni ya karatasi, kitabu kipya magotini. Kilikuwa cha tembo anayeogopa kupiga chafya.

"Haya, baba amerudi," Frederick akasema, akavuta kiti. "Lete tusome tukimsubiri Anti."

Nanyori akakilalia kitabu kwa mikono yote miwili.

"Bado."

"Bado nini? Si mimi huyu?"

"Bado," akasema tena. "Mmoja hajaingia. Usifungue, baba. Usifungue."

Frederick akanitazama, nikamtazama. Alivua kofia yake iliyolowa, akakaa karibu na mtoto. Nikazima mashine ya kopi. Sisi watatu tulikaa tukiangalia mlango, na mteja mmoja aliyekuja kununua bahasha akadhani tumefiwa.

Eunike alifika giza limeingia, amevua viatu kavishika mkononi, matope mpaka magotini. Kabla hajasalimia, Nanyori alishatoka kwenye katoni, akamvamia, akaanza kumpiga ngumi za mapajani.

"Umechelewa! Nimesubiri! Njaa inaniuma, na kitabu hakijasomwa, na umechelewa!"

"Nanyori, adabu," Frederick akasema.

"Mwache," Eunike akasema. "Mwache anisumbue."

Akaketi sakafuni palepale, matope na yote, akampakata. Mtoto akamwekea kitabu mkononi na kumhimiza afungue upesi. Alikifungua, lakini hakuona maneno. Ilibidi mimi nisome, na mimi mwenyewe nilikuwa nalia, kwa hiyo tembo yule alipiga chafya vibaya sana.