Meza za Mzee Andati

Wavinya alikuwa mjane, mwosha matumbo ya mbuzi kule machinjioni Kiamaiko, na chumbani kwake wajukuu watatu walilala godoro moja. Chakula cha serikali kilipoletwa mtaani, Andati, mzee wa nyumba kumi aliyekigawa, alifika mlangoni pake akachungulia ndani.

"Mama, wewe una kochi na pazia. Hiki ni cha maskini."

"Kochi niliachiwa na marehemu, mzee. Halipikwi."

Majirani wakacheka. Andati hakucheka, akapita mlango wa pili. Jioni wajukuu walikunywa chai ya rangi, na yule mdogo alilia mpaka usingizi ukamchukua. Wavinya hakulia. Alimfungia Andati moyoni akatupa ufunguo.

Andati alikuwa na hoteli ya mabati upande wa Tassia. Mpishi wake alipohama, Wavinya alikwenda kuomba kazi, macho chini, sauti ya unyonge.

"Yaliyopita si ndwele, mzee," alisema, na Andati akamwandika.

Stoo alikuta alichokitarajia: magunia ya mahindi na maharagwe, kila moja na chapa nyekundu, MSAADA WA SERIKALI, HAUUZWI. Wavinya akayachanganya akapika, na githeri yake ikapendwa. Kila gunia lilipokwisha Andati alimwagiza alichome. Yeye alilikunja akalificha chini ya leso kiunoni, akaenda kulifua kwake, akangoja.

Siku ikaja. Chifu na afisa wa msaada walikuwa na mkutano mtaani, na Andati akawaalika chakula cha mchana.

"Tandika vizuri, mama. Ni wageni wakubwa."

Andati alipokuwa nje akiwapokea, Wavinya alitandika. Walipoingia, kila meza ilikuwa imefunikwa gunia safi, maandishi juu, na sahani za githeri zikifuka moshi. Afisa alisoma polepole, kidole kikifuata herufi.

"Mzee Andati, hapa tunakula chakula gani?"

Andati alimgeukia mpishi wake. "Mama, umenifanya nini?"

"Nimetandika, mzee. Kama ulivyosema."

Andati akavuliwa uzee, akapelekwa kortini. Msaada ukagawiwa upya, na safari hii Wavinya akapata.

Baadaye pasta alikuja kumsihi asamehe, maana Muhonja, mke wa Andati, sasa alikuwa akihangaika na watoto. Wavinya alichochea jiko kwanza.

"Muhonja aje achukue maharagwe, sina neno naye," alisema. "Mumewe nitamsamehe, pasta. Lakini si mwaka huu."

Akawapakulia wajukuu, akawaongeza.