Friji Nililolivalisha Gauni

Rafiki yangu, wewe nakuhesabu mtu wa nyumbani, ndiyo maana nakusimulia hili mwenyewe, maana hapa Ifakara mtaani kwetu habari hii imeshazunguka mpaka imenirudia ikiwa na mambo ambayo hata sikuyafanya (eti nilipanda juu ya meza na kisu mkononi, uongo mtupu, aliyepanda meza ni mwingine na nitamtaja). Aibu niliipata, sikatai. Niliipata mbele ya jumuiya yetu nzima ya kanisani, tena katikati ya rozari.

Ilianza na kitambaa.

Baba Edita, mume wangu, baada ya kuuza mpunga wetu wa Idete aliniletea friji, na mimi friji nililiombea siku nyingi, kwa hiyo lilipoingia ndani nililipokea kama mgeni mkubwa. Yule kaka aliyelileta na guta la mizigo alinielekeza vizuri tu, akasema mama, acha nafasi huku nyuma lipate kupumua, na usilifunike, mimi nikamjibu ndiyo kaka, asante kaka, Mungu akubariki, na alipopotelea tu barabarani nikalisukuma mpaka likagusa ukuta, maana lilikuwa limejitokeza sebuleni kama mtu mwenye tumbo. Nikalibana kwenye kona pamoja na magunia ya mpunga, halafu nikachukua kitambaa nilichokifuma kwa mikono yangu, cheupe chenye maua ya njano, kikubwa, nikalivalisha. Nyuma kilishuka mpaka chini, mbele kikaning'inia juu ya mlango. Juu yake nikamweka Mama Bikira Maria, maua ya plastiki na mshumaa.

Binti yangu Edita, yuko kidato cha pili, akasimama akaangalia.

"Mama, friji halivai nguo."

"Makochi yamevaa," nikamwambia, "televisheni imevaa, hili ni mtoto wa nani likae uchi?"

Basi likavaa. Na kila nikifunga mlango, pindo la kitambaa linabanwa pale juu, mimi naona urembo tu, kumbe mlango haukazi sawasawa, na joto la huku kwetu unalijua, likawa linapenya kidogo kidogo, friza ikaanza kuota barafu, leo nyembamba, kesho nene. Friji lenyewe likawa linanguruma mchana kutwa bila kupumzika. Mimi nikasema hili nalo lina bidii, libarikiwe.

Sasa ikafika sherehe ya somo, yule mtakatifu msimamizi wa jumuiya yetu. Kila nyumba ilichangia, wakanunuliwa perege wazuri kutoka upande wa Lupiro, na kwenye kikao Mama Gaudensia, jirani yangu mwenye mdomo (nampenda, lakini ana mdomo), akauliza samaki watalala wapi na joto hili. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. "Leteni kwangu," nikasema, "hawataharibika, nawaahidi mbele ya msalaba." Nani aliniambia nitaje msalaba? Ningesema tu leteni, ingetosha.

Samaki wakaja na bodaboda, nikawafunga kwenye mifuko, nikawashindilia friza yote mpaka mlango ukafungwa kwa goti.

Jumamosi ya sherehe mchana, mpango ulikuwa sala nyumbani kwangu na baada ya sala chakula. Wali umeshaiva, unanukia mpaka njiani. Nikafungua friza nitoe samaki wayeyuke tuwakaange, rafiki yangu, samaki sikuwaona. Niliona ukuta mweupe. Barafu ilikuwa imeimeza mifuko yote, kimebaki kimkia kimoja tu kimechomoza kama kinaniaga. Nikakivuta, hakitoki. Nikavuta kwa mikono miwili, friji lote likanifuata na Mama Maria akayumba.

Edita akasema, "Mama, tulizime, tuache mlango wazi, tuweke beseni la maji ya moto mle ndani, tusubiri barafu iachie yenyewe."

"Tusubiri? Jumuiya nzima iko njiani, mwanangu, nikawaambie samaki wanaoga?"

Nikaenda jikoni nikachukua kisu na mchi wa kinu. (Mle ndani ya friji kuna picha ya kisu kilichopigwa alama ya kukataza, nami siku zote nilielewa inakataza kuweka visu mle, nikawa najiuliza ni nani huyo anayegandisha visu.) Nikaweka ncha kwenye barafu, nikagonga na mchi, kikatoka kipande. Nikagonga tena, kikatoka kingine, moyo ukanituma, nikasema kumbe rahisi hivi, nikawa nagonga kama napasua kuni, na hapo hapo Mama Gaudensia akapiga hodi mlangoni kwa ile sauti yake ya mnadani, nikashtuka, mchi ukashuka kwa nguvu zote na kisu kikazama.

Halafu nikasikia: psssssss.

Nikafunga mlango wa friza. Nikashusha kitambaa, nikakinyoosha vizuri kama mtu anayemfunika mtoto mwenye homa, nikageuka nikasema, "Karibuni, karibuni sana."

Wakaingia, wakajaa, wengine mkekani, wengine kwenye makochi. Mzee Kandidi, mwenyekiti wetu wa jumuiya, akaomba mshumaa uwashwe, ukawashwa pale pale juu ya friji. Nami nikaanzisha wimbo, tena niliupandisha juu mpaka mwenyewe nikapotea, wenzangu wananiangalia wanasema leo Mama Edita ameshukiwa na Roho, kumbe naficha mlio. Lakini rozari ina vituo vyake vya kunyamaza. Mzee Kandidi akataja tendo la kwanza, akainamisha kichwa tutafakari, nyumba ikawa kimya kabisa.

Psssssss.

Mzee akafungua jicho moja.

"Mama Edita."

"Naam, mzee."

"Humu ndani kuna nyoka."

"Swila!" akapiga kelele Mama Gaudensia, na huyo ndiye aliyepanda mezani, na viatu vyake, juu ya sahani zangu za wageni. "Ni swila, nawajua, wanapuliza hivyo hivyo! Amefuata panya kwenye magunia!"

Basi hapakukalika. Watoto walipitishwa dirishani, akina mama wakajazana mlangoni wakakwama, wanaume wakatoka wakarudi na fimbo, mmoja ameshika jembe. Mzee Kandidi, ambaye nyoka amewaua wengi shambani, akaanza kuwapanga kama jeshi: wewe kaa hapa, wewe pale, na mtu akimbilie mafuta ya taa tumwage nyuma ya friji, atatoka mwenyewe.

Na mimi nimesimama na rozari mkononi. Nilijua hakuna nyoka. Nikajiambia nikinyamaza watatafuta, watakosa, watasema amekimbia, na kisu changu hakuna atakayekijua. Lakini samaki wao je? Niliwaahidi. Halafu nikaona mshumaa unawaka, na mafuta ya taa yanaletwa, na mwenye jembe ameshalinyanyua juu ya friji langu, mdomo ukafunguka wenyewe:

"Hakuna nyoka! Ni friji! Nimelichoma kisu!"

Wote wakanigeukia. Jembe likabaki hewani.

"Umelichoma kisu friji?" akauliza Mzee Kandidi taratibu. "Lilikukosea nini?"

Kabla mtu hajacheka, Edita akapita katikati yao, akauzima mshumaa kwa kuupuliza. "Tokeni wote nje, tafadhali, shikamooni, tokeni! Hewa ya friji inaweza kushika moto!" Akafungua madirisha, akasema mtu asiguse swichi yoyote mle ndani, akaenda kuzima umeme kwenye swichi kubwa ya barazani. Hayo walifundishwa shuleni, mimi kwenye darasa la watu wazima nililosoma jioni hatukufika huko. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli, maana mshumaa ule niliuweka pale mimi, na watoto wa watu walikuwa wamekaa chini yake.

Tulimalizia rozari uani, kwenye jua. Barafu ilipokuja kuyeyuka jioni, perege wote walikuwa wameingiwa na mafuta ya mashine, harufu hailiki, tukawafukia. Lakini hata kabla ya hapo nilisimama mbele yao, nikasema, "Samaki wenu nimewaharibu mimi kwa mikono yangu. Nisameheni." Mama Gaudensia akadakia: "Sasa wali tunakula na nini, na kitambaa?"

Mzee Kandidi ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakalia jembe. Akina mama wakasambaa kwenye bustani zao, huyu akaja na matembele, huyu na mlenda, huyu na sufuria la kunde za mchana, na nakuambia ule wali waliufuta mpaka ukoko. Sijaona sherehe ya somo yenye furaha kama ile. Nililia, nikacheka, nikala sahani mbili.

Fundi alikuja baadaye, akanionyesha kwamba kisu kilitoboa mshipa wa hewa uliopita kwenye ukuta wa friza, akaziba, akajaza hewa upya. Kitambaa kule nyuma kilikuwa kimegeuka rangi kwa joto. Siku hizi friji langu liko mbali na ukuta na halivai kitu, Mama Maria ana meza yake anayostahili. Barafu ikianza kuwa nene nazima, naacha mlango wazi, naweka beseni la maji ya moto, nakaa nachambua mchele mpaka iachie yenyewe. Raba ya mlango naifuta na sabuni ili ikaze. Na samaki nawapanga kwa nafasi, siwashindilii na goti.

Sherehe ya somo ilipokaribia tena, kwenye kikao likaja lile swali la samaki walale wapi. Mimi niliangalia chini, nikahesabu vidole vya miguu.

"Wapelekwe kwa Mama Edita," akasema Mzee Kandidi, kama vile hakuna kilichowahi kutokea.

"Naunga mkono," akasema Mama Gaudensia, "ila visu vyake vyote vinalala kwangu."

Na kweli alikuja na kapu akavikusanya, hata kile kidogo cha vitunguu. Samaki wakatoka mmoja mmoja, wazima, wagumu, wasafi, na hapo nikaapa kwamba sitashika tena chuma mbele ya barafu mpaka naingia kaburini. Basi nawe, rafiki yangu, ukitoka hapa mpelekee habari hii dada yako, mama mkwe wako, yeyote unayejua friji lake limevaa gauni. Ukipenda nitaje jina, sina neno. Ila waambie ukweli kuhusu ile meza.