Neno Nililowatafsiria Wazee

Siku moja kabla ya mkutano, ng'ombe wa Gwandu, mfugaji jirani yetu, walikuwa shambani kwetu wakila mabua ya mtama. Ilikuwa kawaida. Tukishavuna aliwaleta, sisi tulipata mbolea, na mkewe, Mama Paulina, alituletea maziwa. Kaka yangu Yohana alikuwa amesimama naye, wanabishana kuhusu dume mmoja aliyekuwa akichechemea huku wakicheka.

Kijiji chetu kiko mbele ya Chamwino. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale, na wageni wa serikali walipokuja niliwatafsiria wazee kwa Kigogo, maana Kiswahili cha mikutano kiliwapita wengi.

Ugomvi ulikuwepo. Wafugaji wa kabila la Gwandu waliofika mwaka ule walikuwa wamelisha mifugo yao kwenye uwele wa watu kule bondeni. Sisi tuliuita ugomvi wa mashamba. Mkutanoni, mgeni wa serikali aliyetoka mjini aliupa jina jingine.

"Hawa si wafugaji tu," alisema kwenye kipaza sauti. "Ni tishio kwa usalama wa taifa. Kila mwananchi awe mlinzi."

Wazee wakanigeukia. Nilihangaika kidogo, kisha nikatumia neno ambalo bibi zetu walilitumia kwa watu waliokuja zamani kuchoma nyumba na kuteka watoto. Lilitoka kirahisi. Wanawake wakaanza kuwaita watoto wao.

Kesho yake mchana tulisikia mayowe kutoka bondeni. Yohana alichukua upinde wa marehemu baba.

"Kaka, Gwandu hajatukosea," nilimwambia.

"Si wewe uliyetuambia hawa ni akina nani?"

Akaondoka.

Moshi ukapanda. Gobore likalia. Likalia tena.

Mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa Mama Paulina, binti yake mgongoni.

"Mwalimu, tufiche."

Niliwaingiza ghalani nikawafunika kwa magunia. Vijana walikatiza uani na mikuki. Baadhi yao niliwafundisha kusoma.

"Shikamoo, Mwalimu. Hujawaona?" mmoja aliuliza, akawataja kwa neno lilelile.

Nilitikisa kichwa. Wakapita.

Niliporudi ghalani, Mama Paulina aliniuliza kwa kunong'ona, "Kwani sisi ni nani sasa, Mwalimu?"



Polisi walifika jioni. Gwandu alikutwa ameanguka mbele ya boma lake. Yohana alikuwa amelala karibu naye, mshale kifuani. Nani alimpiga nani, na nani alianza, hakuna aliyetuambia. Redioni walisema hali ni shwari na adui amedhibitiwa. Mama Paulina alimzika mumewe, akaenda kwa ndugu zake upande wa kaskazini. Hatukuagana.

Baada ya kumzika Yohana, mama alinikalisha kwenye mkeka wake. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Usilie sana, mwanangu," alisema. "Wewe ulitusaidia. Bila wewe, sisi wazee tusingejua hatari iliyotufikia."

Alinishika mkono mbele ya wafiwa wote, kama mtu anayeshukuru.

Miaka imepita. Mama anaamini mwanawe alikufa akiilinda nchi, na anawaeleza hivyo wajukuu. Mara kadhaa nimefungua mdomo nimwambie kwamba siku ile hapakuwa na nchi iliyovamiwa, palikuwa na majirani wawili. Kila mara namtazama uso, nanyamaza. Nikimwondolea hilo, sijui atabaki na nini.